Manowari za mbao na misitu ya Ulaya: nani hasa aliyemaliza mialoni?

Mwana wa Fundi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Juzi kwenye uzi mwingine mdau mmoja aliandika kwa kujiamini kwamba Wazungu walimaliza misitu yao kwa kujenga meli, na waliomuunga mkono wakawa wengi. Nilitaka kujibu pale pale, nikaona jibu litakuwa refu kuliko uzi wenyewe. Kwa hiyo nalileta hapa, kipande kwa kipande. Naomba mnivumilie, maana jambo hili nimelisoma kwa miaka kadhaa na linanigusa: nimezaliwa kwenye nyumba ya fundi wa majahazi.

Nianzie huko nyumbani. Mbao za ubavuni baba alizinunua zikiwa zimeshapasuliwa. Mataruma hakununua. Yale, yaani mbavu za ndani zinazokipa chombo umbo lake, aliyafuata msituni mwenyewe. Akitembea alikuwa anaangalia juu, kwenye matawi, wala shina halimshughulishi. Alikuwa anatafuta tawi lililojipinda lenyewe tangu likiwa changa, kwa sababu nyuzi za mti wa namna hiyo zinafuata pindo lake, na pale linapobeba uzito halipasuki. Ukichukua ubao ulionyooka ukauchonga mpaka upate upinde, umeshazikata nyuzi zake. Bahari itauvunja pale pale ulipokata. Kuna siku alizunguka kutwa nzima akarudi na taruma moja. Kuna siku alirudi na shoka lake tu.

Nilipoanza kusoma jinsi manowari zilivyoundwa Venice ya Italia, Brest ya Ufaransa na Portsmouth ya Uingereza, nilikuwa namkuta baba karibu kila ukurasa. Mafundi wa kule nao walikuwa wanatembea wakiangalia matawi. Na hapo ndipo nilipoanza kuitilia shaka ile hadithi kwamba meli zilikula misitu. Meli hazikuhitaji msitu. Zilihitaji miti fulani, yenye umri fulani na umbo fulani, na miti hiyo mara nyingi haikuwa msituni kabisa.

Hebu tuone hesabu. Manowari ya Victory, ile aliyofia Admirali Nelson wa Uingereza kwenye vita vya majini vya Trafalgar mwaka 1805, mkuku wake uliwekwa kwenye karakana ya Chatham mwaka 1759 na ikashushwa majini 1765. Inakadiriwa ilikula miti 6,000 hivi, karibu yote mialoni. Manowari ya kawaida ya mizinga 74, ambayo ndiyo ilikuwa uti wa mgongo wa majeshi ya majini ya karne ya 18, ilihitaji takribani mialoni 2,000. Na mwaloni wa kutoa taruma kubwa au nguzo ya tezi, yaani ya nyuma ya meli, unataka miaka 100 hadi 150. Anayeupanda hauvuni yeye, wala mwanawe.

Sasa zingatieni hili, ndilo lililonishangaza mimi. Mwaloni ukikulia katikati ya msitu mzito unanyooka kwenda juu kutafuta jua. Huo unafaa kwa mbao ndefu. Mwaloni unaokulia peke yake, kwenye mpaka wa shamba au malishoni, unatanua matawi kila upande, mazito, yaliyopinda. Huo ndio uliokuwa unatoa mataruma na yale maungio ya pembeni yenye umbo la goti lililokunjwa. Kwa maneno mengine, Waingereza walipofyeka misitu wakaacha mialoni michache kwenye mipaka ya mashamba, ndipo walipojipatia mataruma bora. Mafundi wa bandari za mfalme walikuwa wanakwenda kwa wenye mashamba kuomba kuuziwa mti mmoja mmoja.

Nitaendelea. Wenye maswali karibuni.

---

Mdau wa Tanga

Mkuu, nafuatilia kwa makini. Ila sijakuelewa jambo moja. Kama meli hazikumaliza misitu, mbona hao wafalme walitunga sheria kali za kulinda miti kwa ajili ya meli? Mtu hatungi sheria kwa tatizo ambalo halipo.

---

Mwana wa Fundi

Mdau wa Tanga, swali zuri sana.

Tatizo lilikuwepo. Nakataa tu kwamba aliyelisababisha ni fundi wa meli. Chukua Uingereza. Ukisoma ile hesabu kubwa ya ardhi na mali aliyoifanya Mfalme William mwaka 1086, wataalamu wanakadiria kwamba misitu ilikuwa imebaki kama asilimia 15 tu ya nchi. Mwaka 1086! Hapo hakuna manowari ya mizinga, hakuna safari za Amerika, hakuna kampuni ya India. Msitu wa Uingereza ulikwishaliwa na jembe na mifugo karne nyingi kabla. Mpaka kuingia karne ya 20 ulikuwa umeshuka kufika asilimia 5 hivi, na sehemu kubwa ya huo upungufu pia ni mashamba.

Halafu kuna moto. Watu walipika kwa kuni, wakaota moto wa kuni, wakachoma matofali, wakayeyusha vioo, wakachemsha maji ya chumvi, na juu ya yote wakayeyusha chuma kwa mkaa. Tanuri moja la chuma lilikuwa linataka mkaa mwaka hadi mwaka bila kupumzika. Meli inajengwa mara moja ikakaa majini miaka 20 au 30 au zaidi. Tanuri halina subira hiyo.

Lakini hata kwa mwenye tanuri tusikimbilie kumlaumu. Miti mingi ya Ulaya ukiikata karibu na ardhi kisiki kinachipua, na machipukizi yale baada ya miaka 10 hadi 20 yanatosha kuchomwa mkaa. Wenye matanuri wengi wa kusini mwa Uingereza walivuna hivyo, kwa zamu, kiwanja baada ya kiwanja, na vile visiki vikaendelea kuchipua vizazi na vizazi. Mwenye tanuri akili yake ilikuwa kwamba msitu ukiisha, naye ameisha. Ugomvi wake na fundi wa meli ulikuwa wa umri wa mti. Mmoja anataka vijiti vya miaka 15, vingi, karibu. Mwingine anataka mzee wa miaka 120. Ardhi ile ile haiwezi kuwatosheleza wote wawili.

Ukizisoma zile sheria ukiwa na hilo kichwani zinaeleweka. Sheria ya Mfalme Henry VIII ya 1543 ilimtaka anayevuna msitu wa machipukizi aache miti 12 imesimama katika kila ekari, ikue iwe mikubwa. Sheria ya Malkia Elizabeth ya 1558 ilikataza kukata miti mikubwa ya mbao kwa ajili ya kuyeyushia chuma ndani ya maili 14 kutoka baharini au mto unaopitika kwa vyombo, ingawa baadhi ya maeneo ya kusini yenye matanuri mengi yalisamehewa. Angalia hapo: maili 14. Kwa nini sheria ihesabu umbali kutoka majini?

Kwa sababu ya barabara. Gogo la mwaloni lina tani kadhaa. Daniel Defoe aliona kule Sussex gogo moja likikokotwa na maksai 22, tena akaeleza kwamba barabara za udongo wa mfinyanzi zilikuwa mbaya kiasi kwamba gogo lingeweza kuchukua miaka miwili au mitatu kufika Chatham, maana mvua ikianza wanaliacha hapo hapo lilipo mpaka kiangazi kingine. Sasa mti mzuri ulioko maili 40 kutoka mtoni ni kama haupo. Waliposema "mbao zimekwisha" mara nyingi walikuwa wanasema mbao za karibu na maji zimekwisha. Hapo nakubaliana nawe kabisa: kwenye ukanda wa pwani na kando ya mito, meli zilimega kwelikweli.

---

Kijana wa Mufindi

Mimi nafanya kazi kwenye misitu ya kupandwa. Kwetu msonobari unavunwa kabla haujafika miaka 30. Swali langu: hao jamaa walijua mwaloni unachukua miaka 120, sasa kwa nini wasipande mapema?

---

Mwana wa Fundi

Kijana wa Mufindi, walipanda. Na hapa ndipo ninapowaheshimu baadhi yao, na wakati huo huo roho inaniuma.

Ufaransa, Colbert, waziri wa Mfalme Louis XIV, alitoa amri kuu ya maji na misitu mwaka 1669. Msitu wa Tronçais katikati ya nchi ulikuwa umeharibiwa vibaya. Ukaanza kurudishwa kwa mpango kuanzia miaka ya 1670, kwa hesabu ya kupata mialoni ya meli baada ya vizazi kadhaa. Mialoni ile ilikua vizuri sana, imenyooka kama mishumaa. Leo mbao za Tronçais zinatengenezea mapipa ya divai na konyaki.

Uingereza, wakuu wa jeshi la majini waliiomba Royal Society, chama cha wanasayansi, iwape ushauri, na John Evelyn akawasilisha kazi yake mwaka 1662, ikachapwa kitabu 1664 kwa jina la Sylva, akiwahimiza wenye ardhi wapande. Bunge likatunga sheria ya 1668 ya kuzungushia uzio ekari 11,000 katika Forest of Dean, msitu wa mfalme, na 1698 nyingine kwa ajili ya msitu wa New Forest. Kwenye karatasi ni mipango mizuri. Lakini mialoni michanga inaliwa na ng'ombe, nguruwe na kulungu, na wanakijiji waliokuwa na haki ya malisho tangu mababu walizivunja nyua zile. Nelson alipopita Forest of Dean mwaka 1802 alisikitika, akaandika maelezo kuhusu hali yake mbaya. Rafiki yake Admirali Collingwood alikuwa akiwa likizo nyumbani anatembea na mbegu za mwaloni mfukoni, akiona pahali penye nafasi anachimbia moja. Picha hiyo haijawahi kunitoka. Mtu anajua hataiona meli hata moja itakayotokana na mbegu zile, na bado anainama na kufukia.

Mwaka 1808 Bunge likatunga tena sheria, na safari hii Dean ikapandwa kwelikweli. Hesabu yake wewe mwanamisitu unaiona: mti wa 1810 utakuwa tayari baada ya 1910. Mwaka 1859 Ufaransa wakaishusha Gloire, manowari iliyovikwa chuma. Mwaka uliofuata Uingereza wakaishusha Warrior, ambayo mwili wake wenyewe ni chuma. Mialoni ya Dean ilikuwa na miaka 50.

Waswidi nao walipanda mialoni zaidi ya laki tatu katika kisiwa cha Visingsö kuanzia mwaka 1831. Mwaka 1975 idara ya misitu ikaliarifu jeshi la majini kwamba mbao mlizoagiza ziko tayari. Msicheke, wakuu. Mimi naona ni heshima kubwa ya kazi: mzigo ulipokewa na vizazi vitano au sita vya mabwana misitu, kila mmoja akaukabidhi kwa mwenzake bila kuuangusha.

Jambo moja la pembeni, kwa faida yako. Mtu wa kwanza kuandika kwa utaratibu kwamba usivune kuliko kinachoota, Hans Carl von Carlowitz, aliandika kitabu chake mwaka 1713 huko Saxony, Ujerumani. Hakuwa mtu wa meli wala hakuwa na bahari. Alikuwa mkuu wa migodi ya fedha ya Freiberg, na alichoogopa ni matanuri kuzimika kwa kukosa kuni.

---

Mwalimu Mstaafu

Uzi mzuri, mwanangu. Lakini naona unawahurumia sana wafalme na admirali. Waambie wasomaji na habari za wakulima. Mti ulikuwa wa nani?

---

Mwana wa Fundi

Shikamoo Mwalimu. Umeligusa lile ambalo ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu. Nilikuwa naliacha liive.

Naamini kabisa kwamba kile meli ilichokibadilisha zaidi Ulaya ni umiliki wa mti. Idadi ya miti inakuja nyuma ya hilo. Kabla ya hapo mwaloni ulioota shambani kwako au kwenye msitu wa kijiji chako ulikuwa na kazi nyingi. Mbegu zake zinanenepesha nguruwe, matawi ni kuni, magome yanalainishia ngozi, shina linajengea ghala. Dola ilipoanza kuunda manowari kwa wingi, mti ule ule ukageuka kuwa mali ya vita, hata kama umeota kwako na wewe ndiye uliyeutunza.

Wa kwanza kulifanya hili kwa mpangilio ni Venice. Mji wenyewe umesimama juu ya nguzo za miti zilizochomekwa kwenye tope, kwa hiyo walijua thamani ya gogo kuliko wengine wote. Mwaka 1471 jamhuri iliutwaa msitu wa mialoni wa Montello, kaskazini mwa Treviso, uwe wa karakana kuu ya meli, Arsenale. Mwaka 1548 ikafuata misitu ya Cansiglio, huko milimani, kwa ajili ya makasia tu. Galea moja ya vita ina makasia mengi, na kila kasia ni mti mrefu ulionyooka usio na fundo. Maofisa wakatumwa kuhesabu mialoni kijiji kwa kijiji, wakaiandika kwenye madaftari na kuipiga alama. Vijiji vilivyokuwa vinaishi kwa msitu ule vikawa sasa vinaulinda kwa ajili ya mtu mwingine, na kuupeleka mzigo mtoni kwa kazi ya lazima.

Nikiwa mkweli, Venice walikuwa na sababu ambayo nchi nyingine hazikuwa nayo. Waliamini kwamba milima ikivuliwa miti, mito itashusha udongo na kuyajaza yale maji ya kina kifupi yanayouzunguka mji wao. Hawakukosea. Lakini gharama ya hofu hiyo waliibeba wanakijiji wa milimani.

Ufaransa ikafuata. Ofisa wa jeshi la majini anakuja na nyundo yenye alama, anaipiga kwenye shina, na tangu hapo mwenye shamba haruhusiwi kuukata mti ule. Anasubiri anunuliwe kwa bei na kwa wakati watakaoutaka wao. Uswidi mwaloni ulikuwa mti wa mfalme hata ukiota kwenye ardhi ya mkulima, na sheria hiyo haikuondolewa kwa wakulima mpaka mwaka 1830. Sasa fikiria wewe ni mkulima wa Uswidi, asubuhi unaona kimche cha mwaloni kimechomoza katikati ya shamba lako. Kikikua ni kivuli juu ya nafaka yako na kesi juu ya kichwa chako. Wengi walikuwa wanaking'oa kingali na majani mawili. Ndiyo maana nasema sheria iliyotungwa kulinda mwaloni iliwafundisha watu kuuchukia. Mababu waliokuwa wanauheshimu mti ule walizaa wajukuu wanaoung'oa usiku.

Na Uingereza ikavusha alama yake ng'ambo ya bahari. Milingoti haiwezi kutoka kwenye mwaloni. Inataka msonobari mrefu, mwepesi, wenye utomvu. Uingereza haikuwa nayo ya ukubwa huo, ikainunua kwenye bandari za Riga na Danzig, bahari ya Baltiki. Kila vita ikitokea kule Baltiki, au Denmark akifunga mlango wa bahari, jeshi lote la majini linashika tumbo. Kwa hiyo wakageukia New England, makoloni yao ya kaskazini-mashariki mwa Amerika, ambako misonobari myeupe ilikuwa mirefu ajabu, mpaka ya kutoa mlingoti wa unene wa inchi 40 na urefu wa yadi 40. Samuel Pepys, aliyekuwa ofisini kwenye bodi ya jeshi la majini, aliandika katika shajara yake Desemba 1666 kwamba meli nne za milingoti kutoka New England zimewasili Falmouth salama, baraka ambayo hawakuitarajia, na kwamba bila hiyo wangekwama mwaka unaofuata. Na huo ni wakati wa vita na Waholanzi.

Mwaka 1691 hati ya koloni la Massachusetts ikaandikwa kwamba kila mti wenye kipenyo cha inchi 24 au zaidi, ukipimwa inchi 12 kutoka ardhini, ulioko kwenye ardhi isiyokuwa na mmiliki binafsi, ni wa mfalme. Faini pauni 100 kwa mti mmoja. Wapimaji wakapita wakichanja alama ya mshale kwa shoka, mikato mitatu kama unyayo wa kunguru. Sheria za baadaye zikapanua zaidi.

Matokeo yake yakaonekana Aprili 1772 katika mji wa Weare, New Hampshire. Wenye viwanda vya mbao walikutwa na magogo ya mfalme, wakagoma kulipa faini. Sherifu Benjamin Whiting akaja na msaidizi wake kumkamata mmoja wao, wakalala kwenye nyumba ya wageni. Alfajiri kundi la watu waliojipaka masizi usoni likaingia chumbani, likamcharaza sherifu kwa fimbo, pigo moja kwa kila mti uliotozwa faini. Farasi wake wakakatwa masikio, manyoya ya shingo na mikia. Waliofikishwa mahakamani walitozwa shilingi 20 kila mmoja na gharama za kesi. Linganisha na pauni 100 za mti. Mahakimu nao walikuwa watu wa koloni lile lile. Ile ilikuwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla ya wapinzani wa kodi ya Uingereza kumwaga chai bandarini Boston, na kila mtu anaikumbuka chai.

---

Mdau wa Tanga

Hii ya Weare sikuwahi kuisikia. Shukrani mkuu. Na Waholanzi je? Nchi yenyewe bwawa tupu, walipata wapi miti ya meli zote zile?

---

Mwana wa Fundi

Kwa wenzao. Uholanzi ndiyo mfano wangu mkubwa kwamba msitu wako na meli zako ni vitu viwili tofauti. Karne ya 17 walikuwa wajenzi wakubwa wa meli Ulaya na kwao miti hakuna. Walinunua Norway, walinunua Baltiki, na magogo ya Black Forest yalishuka mto Rhine yakiwa yamefungwa pamoja kama chelezo kubwa, mengine zaidi ya mita 300 kwa urefu, na juu yake watu mia nne au mia tano wanaoyaongoza, wana jikoni lao na vibanda vya kulala. Safari inaishia Dordrecht, chelezo kinafunguliwa na kuuzwa gogo moja moja.

Cornelis Corneliszoon, wa Uitgeest, alipata hati ya kumiliki ubunifu wake mwaka 1593: kinu cha upepo kinachoendesha msumeno. Sisi tuliokua tukiona watu wawili wakipasua gogo kwa mkono, mmoja juu mmoja chini shimoni, vumbi lote machoni kwa huyu wa chini, tunaelewa maana ya kitu hicho. Eneo la Zaan likajaa vinu. Mwaka 1697 Tsar Peter wa Urusi alikwenda Zaandam na Amsterdam mwenyewe kujifunza uundaji wa meli, akashika na zana.

Ule mzigo wa misitu ulikuwa umehamishiwa Norway, Ujerumani na Poland. Meli yao iliyoitwa Batavia, iliyozama pwani ya Australia mwaka 1629, mbao zake zimepimwa kwa pete za ukuaji. Mialoni yake ilitoka Baltiki na maeneo ya Lübeck.

Hispania nao, kwa ufupi, maana najua kuna atakayeuliza: wakahamisha kazi yenyewe. Santísima Trinidad, manowari kubwa kuliko zote zilizokuwapo Trafalgar, iliundwa Havana na kushushwa majini 1769, kwa miti ya Kuba.

---

Nahodha wa Mto

Mkuu, kama walihamia Amerika, basi na Bahari ya Hindi walifika. Huku kwetu walikata?

---

Mwana wa Fundi

Walichotaka kwenye bahari yetu ni msaji (mtiki), na msaji ulikuwa India.

Bombay kulikuwa na ukoo wa mafundi Waparsi, akina Wadia, vizazi kwa vizazi. Msaji una mafuta yake ndani, hauliwi haraka na kuvu, na hauli misumari ya chuma kama mwaloni unavyofanya. Mialoni ya kwao ilipopungua wakati wa vita vya Napoleon, Waingereza wakaanza kuunda manowari Bombay. Trincomalee, iliyoshushwa pale mwaka 1817, bado inaelea mpaka leo huko Hartlepool, kaskazini mwa Uingereza.

Na alama ikaifuata mbao, Mwalimu. Mwaka 1806 Kampuni ya India Mashariki, ile ya Waingereza, ilimteua ofisa wa polisi, Kapteni Watson, awe mhifadhi wa misitu wa Malabar, kusini-magharibi mwa India. Haki ya kampuni juu ya msaji ikatangazwa, na wenye ardhi na wafanyabiashara wa mbao wa pale wakajikuta hawawezi kuuza miti yao wenyewe ila kwake. Malalamiko yakawa mengi mpaka cheo hicho kikafutwa mwaka 1823. Niliposoma habari hiyo nilirudi kuangalia tarehe za Montello. Miaka 335 imepita na maneno ni yale yale, dola inahitaji meli, kwa hiyo mti wako si wako.

Kuna uzi mmoja unaofika mpaka Unguja. Mwaka 1826 Bombay walimaliza kuunda manowari ya msaji iliyoitwa Liverpool, mizinga 74, kwa ajili ya Seyyid Said bin Sultan, huyu huyu wetu wa Muscat na Zanzibar. Mwaka 1836 akaitoa zawadi kwa Mfalme William IV wa Uingereza. Waingereza wakaibadilisha jina wakaiita Imaum, kwa heshima yake. Tafakari: taifa lililokuwa linalia mialoni kwa miaka 300 linapokea manowari nzima, ya mti unaostahimili kuoza kuliko wake, kutoka kwa sultani wa pwani yetu. Na Mfalme akarudisha zawadi ya jahazi la kifahari la Prince Regent.

Imaum ilimalizia maisha yake Port Royal, Jamaica, ikiwa imefungwa bandarini kama makazi ya mabaharia, mpaka ilipobomolewa miaka ya 1860.

---

Mswahili Ughaibuni

Naishi Uingereza. Victory nimeshaiingia mara mbili na watoto, Portsmouth. Sikujua niangalie nini zaidi ya mizinga na pahali alipoangukia Nelson.

---

Mwana wa Fundi

Ukirudi, shuka mpaka sakafu ya chini ya mizinga. Utainama, dari ni fupi. Tafuta pembe ambayo boriti ya dari inakutana na ubavu wa meli. Pale utaona vipande vinene vya mbao vyenye umbo la goti, vimekumbatia boriti na ubavu kwa pamoja. Weka mkono juu yake ufuatishe mistari ya nyuzi kwa kidole. Kama inakwenda na pindo bila kukatika, hilo lilikuwa tawi, na kuna fundi aliyetembea kwenye mipaka ya mashamba ya watu akiangalia juu mpaka akaliona.

Naomba unipigie picha. Nataka kumwonyesha mzee, bado yupo, na macho yake bado yanaona vizuri kwa karibu.